Bi Kitasa na Sekunde Nne za Mlangoni

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi katika ukumbi huu, familia imempa kazi ya kusoma historia hii mdogo wa marehemu, kitinda mimba wa nyumba yao, si kwa sababu anasoma vizuri kuliko wengine, bali kwa sababu kaka mkubwa ana kikohozi, na dada mwingine alishatangaza tangu juzi kwamba akishika karatasi atalia. Marehemu mwenyewe, aliyekuwa mtu wa kupanga mambo yake mapema, aliacha maagizo matatu kuhusu shughuli hii, kwamba historia isizidi robo saa, isimpambe, na isisomwe na mtu anayependa kipaza sauti, na msomaji anaahidi kutimiza mawili kati ya hayo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa baba aliyekuwa fundi seremala na mama aliyekuwa mshonaji, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa karakana, kwa hiyo sote tulikua tukipiga chafya za vumbi la mbao na kusikia maongezi ya wateja hata tukiwa tumelala. Ni katika karakana hiyo, akiwa na umri wa miaka minane hivi, akiokota misumari iliyoanguka, ndipo alipoona jambo ambalo sisi wengine tulilitazama kila siku bila kuliona, kwamba mteja aliyetaka stuli alianza kuitaja stuli tangu akiwa nje, lakini mteja aliyefiwa aliingia taratibu, akasifu kabati, akauliza habari za mvua, akapapasa ubao, akaaga vizuri, na alipofika kizingitini, mkono umeshika kitasa, ndipo alipogeuka na kusema, "Na fundi, kuna jeneza pia, kama utapata nafasi." Dada alimwuliza baba kwa nini mtu anakuja na jambo moja na kulisema la mwisho, baba akamjibu kwamba jambo zito halitoki mdomoni mpaka mwenye nalo aone njia ya kutokea yeye mwenyewe iko wazi, kisha akamwambia aendelee na misumari. Hadi uzeeni dada alisema kwamba hakuna profesa aliyewahi kumpa nadharia bora kuliko hiyo, wala aliyeimaliza haraka kiasi hicho.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1964 na kumaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1976, na ripoti zake za miaka hiyo, ambazo mama alizihifadhi kwenye kopo la biskuti, zinasema mara nne kwamba ni msichana mwenye akili ila anasikiliza sana mazungumzo ya watu, bila walimu kueleza ni kosa gani hasa. Mwaka 1977 alijiunga na chuo kikuu kusomea isimu, yaani taaluma ya lugha, na habari hizo zilipofika nyumbani shangazi alishika kiuno akauliza, "Miaka mitatu anasomea kusema? Si alianza kusema akiwa na mwaka na nusu, na tangu hapo hajanyamaza?" Mama, ambaye hakutaka kushindwa mbele ya majirani, aliwaeleza kwamba isimu ni tawi la udaktari, linalohusika na koo, maelezo yaliyotosha kabisa mpaka mwaka 1992, marehemu alipopata shahada ya uzamivu, akarudi nyumbani kusherehekea, na kukuta barazani kina mama watatu, kila mmoja amempakata mtoto wake mwenye mafindofindo.

Sasa tuje kwenye kazi na ndoa, ambavyo kwa marehemu haviwezi kusomwa mbalimbali. Mwezi Septemba 1981 aliajiriwa kuwa mhadhiri msaidizi katika chuo hichohicho, akapewa ofisi namba 14, ghorofa ya pili, chumba chembamba chenye meza moja, viti viwili visivyolingana, rafu ya kanda, na soketi moja ya umeme karibu na mlango, na ni hiyo soketi iliyotuletea shemeji. Katika mwezi wa Februari 1983 marehemu alijaza fomu kwamba soketi haipitishi umeme na kinasa sauti chake hakifanyi kazi, akaletwa fundi umeme mpya wa chuo, kijana mpole mwenye ngazi ndefu na maneno mafupi, akafungua, akakuta waya umechomoka, akaurudisha. Baada ya wiki mbili waya ulichomoka tena, akaja tena, akaurudisha, akamlaumu sana moyoni fundi aliyemtangulia, na wiki ya tano alikuja bila kuitwa, akaipima ile soketi kwa muda wa dakika ishirini, akakusanya bisibisi zake, akaaga, na alipoushika mlango akageuka na kusema, "Mwalimu, leo sikuitwa. Nimekuja tu mwenyewe, na nitakuja tena kama hutanikataza, kwa sababu nakupenda." Marehemu, ambaye wakati huo alikuwa na maneno ya lugha nne kichwani, alimjibu, "Asante kwa kazi nzuri, Fundi."

Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, siku ya Jumamosi, kwa hiyo ni dhahiri jibu lile halikuwa hapana, lakini familia nzima inajua kwamba tangu siku hiyo shemeji hakuwahi kupata jibu jingine. Dada alimpikia, alimuuguza, alimtania, alimkatia kucha alipovunjika mkono, alimwita Fundi mbele ya watu na walipokuwa peke yao, ila lile neno la mlangoni hakumrudishia, na shemeji alikaa na deni hilo la neno moja kwa miaka arobaini na moja bila kulidai. Sisi tulimtania bila huruma, kila sikukuu tukimwita mwenzetu aliyejipeleka mwenyewe, na yeye alijibu siku zote kwa kumsema yule fundi aliyemtangulia, kwamba laiti mzembe yule angekaza waya vizuri, yeye hata ghorofa ya pili asingeijua. Mafundi wote aliowalea chuoni wanaijua soketi ya ofisi namba 14, aliitumia kuwafundishia kama mfano wa kazi mbaya.

Utafiti uliompa marehemu jina ulianza mwezi Mei 1993 katika chumba namba 6 cha wagonjwa wa nje wa hospitali ya mji, ambako kwa ruhusa ya wagonjwa na ya uongozi aliweka kinasa sauti chake juu ya kabati la mafaili, na kwa muda wa miezi kumi na minne akarekodi mazungumzo mia nne na kumi na mawili kati ya wagonjwa na daktari mkuu, ambaye tunafurahi kuwa naye hapa leo, na ambaye ametupa ruhusa ya kusema yanayofuata. Daktari alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba anapoteza muda, wagonjwa wake humweleza kila kitu, na marehemu hakubishana naye, alimwomba tu asikilize kanda moja. Katika kanda hiyo mwanamume mmoja analalamikia kikohozi kwa dakika sita, anaandikiwa dawa, anashukuru, kiti kinaburuzwa, hatua zinasikika, kitasa kinalia, kisha kimya, halafu sauti ndogo sana inasema, "Na hivi daktari, mtu akiona damu chooni tangu mwezi jana, ni kawaida eti?", na sauti ya daktari, ikiwa imeshainama kwenye faili la pili, inajibu, "Mwite anayefuata." Daktari aliisikiliza mara tatu, akavua miwani, akatuma mtu na baiskeli kumtafuta yule mgonjwa siku hiyohiyo, na mgonjwa huyo alipatikana, akatibiwa, na ndiye aliyetupangia viti hivi mlivyokalia.

Kati ya wale mia nne na kumi na wawili, wagonjwa mia moja na sitini na mmoja walikuwa wamelisema jambo lililowaleta wakiwa wameshika kitasa, na hapo marehemu akaanza kutafuta dawa yake, akianza, kama ilivyo ada ya wasomi, na iliyo mbaya. Aliwaza kwamba kama mgonjwa anasema ukweli mlangoni, basi mgonjwa na akae mlangoni, na mwezi Agosti 1994 akaagiza kiti cha mgonjwa kihamishiwe pale, lakini watu waliosubiri nje walipokiona kiti cheupe karibu na mlango walidhani ni cha anayefuata, wakawa wanaingia na kukaa, foleni ikageuka tumbo nje mgongo ndani, na kabla ya saa sita mchana muuza magazeti aliyekuja kumsindikiza jirani yake alikuwa ameshachomwa sindano mbili na kuambiwa arudi Ijumaa kwa ya tatu. Alirudi, kwa taarifa yenu, akisema zilimsaidia.

Dawa ya pili ndiyo iliyobaki, nayo ilikuwa rahisi kiasi cha kutia aibu. Kutoka kwenye kanda zake marehemu alipima muda kati ya mkono kushika kitasa na neno kutoka, akaona wengi huhitaji sekunde nne, ndipo akawafundisha madaktari na wauguzi wasimame, wamsindikize mgonjwa hadi mlangoni, washike kitasa wao wenyewe, wasiufungue mlango, wasiangalie saa, wahesabu kimyakimya hadi nne. Wauguzi walicheka, wakambandika jina la Bi Kitasa, kisha wakajaribu, wakaacha kucheka. Alipopeleka matokeo kwenye mkutano wa wanaisimu mwaka 1996, profesa mmoja mwenye sauti nzito alisimama akasema kwamba hii si sayansi, ni umbea uliopimwa kwa saa, akapigiwa makofi, na mkutano ulipofungwa profesa huyo alifungasha mkoba wake, akawaaga wenzake, akafika mlangoni, akashika kitasa, akageuka, na kumwuliza marehemu kwa sauti ya chini, "Lakini mwenzangu, na kwa mke aliyenuna, zinatosha nne?"

Katika ndoa yao marehemu na shemeji walijaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1985 na wa kiume aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1988, nao walilelewa kisayansi, maskini. Mama yao hakuwahi kuwauliza nani amevunja nini, aliwatuma tu wakamletee chumvi jikoni, akawasindikiza hadi mlango wa sebule, akashika kitasa, na hapo watoto walimwaga mtama wote, ya vikombe, ya ripoti zilizofichwa chini ya godoro, na ya siku ile walipomnyoa paka wa jirani. Wa kiume alipofika miaka kumi na mitatu aling'amua mchezo, akaanza kutokea dirishani, wa kike akawa anaondoka kwa kukimbia, na bado, mwaka 2009, akiwa na kazi yake na nyumba yake, alikuja kumsalimia mama yake, wakaongea saa mbili kuhusu mapazia, na getini, funguo za gari mkononi, akasema ana mimba ya miezi minne. Mama yake alijibu kwamba alijua tangu kwenye pazia la pili.

Shemeji naye alijifunza zile sekunde nne, akawa fundi wake kuliko madaktari. Kila asubuhi kwa miaka ile yote alimfungulia mkewe mlango wa kwenda kazini, akashika kitasa, akahesabu, na kila asubuhi marehemu alimtazama, akatabasamu, akangoja pamoja naye hadi nne zikaisha, akasema, "Haya Fundi, fungua," akaenda zake. Watoto wanasema hilo ndilo jambo lililowachekesha kuliko yote katika utoto wao, na sasa hawacheki.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2017, siku aliyotimiza miaka sitini, lakini hakukaa, mwaka 2019 alianza kuchunguza mazungumzo ya simu, akitafuta mlango wake uko wapi, akaugundua kwenye maneno "haya basi," ambayo watu huyasema mara tatu kabla ya kusema walichopigia, na kazi hiyo inaendelezwa na mwanafunzi wake aliyeketi mbele hapa, ambaye familia inamwomba asituchunguze leo.

Tuje kwenye ugonjwa, na hapa lazima tuseme wazi kwamba tulimkasirikia. Maumivu ya tumbo yalimwanza mwezi Januari 2024 na hakumwambia mtu, mganga hajigangi, na tarehe 8 Februari alikwenda mwenyewe chumba namba 6, kwa daktari kijana aliyerithi kiti kile, akaongea juu ya magoti yake kwa dakika ishirini, magoti ambayo hayakuwa na tatizo lolote, na alipoinuka daktari akamsindikiza, akashika kitasa, akahesabu. Marehemu alimwacha amalize, akamwambia, "Nne zimeisha, mwanangu. Hesabu zako nzuri, fungua mlango," akaondoka na maradhi yake. Alirudi tarehe 11 Julai, akaongea juu ya magoti yaleyale, lakini safari hii daktari kijana alifungua mlango bila kuhesabu, akatoka naye, akapita naye ukumbi wa kusubiria, duka la dawa, sehemu ya kuegesha magari, wakizungumza habari za wajukuu, hadi geti kuu, na pale mlinzi alipoinua kizuizi ndipo dada alipomshika daktari mkono na kusema, "Na hili tumbo, tangu Januari." Ilikuwa saratani ya kongosho, na miezi sita ilikuwa imekwenda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, yeye mwenyewe aliiandika methali hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu alichokiandika juu ya utafiti wake, kwa herufi za mlazo.

Alilazwa mara ya mwisho tarehe 4 Novemba 2024, wodi ya wanawake, kitanda cha nane, kilicho mbali kabisa na mlango, na shemeji alikuja kila siku saa sita mchana, akakaa hadi saa saba, akimsomea magazeti na kumrekebishia taa ya kitandani ambayo haikuwa na ubovu. Siku ya Jumatatu, tarehe 18, muuguzi alipogonga kengele ya kuwatoa wageni, shemeji alimfunika miguu, akaaga, akatembea wodi nzima, akafika mlangoni, na katika majuma hayo mawili, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, yeye ndiye aliyekuwa anaondoka na mkewe ndiye anayebaki, basi akashika kitasa kwa mazoea, akahesabu nne, hakuna neno, akahesabu nne nyingine, muuguzi akakohoa, na alipokuwa anaufungua akasikia anaitwa kutoka kitanda cha nane, kwa sauti iliyobaki.

Dada yetu alifariki asubuhi iliyofuata, Jumanne tarehe 19 Novemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Mchana wa siku hiyo shemeji alikaa nasi sebuleni, tukamletea chai ikapoa, tukamletea nyingine, mpaka alipoinuka kwenda kujilaza, akafika mlango wa chumba, akashika kitasa, akageuka, na sote, bila kuambiana, tukaanza kuhesabu. Ndipo alipotueleza aliyoambiwa, na tunayasoma hapa kwa ruhusa yake, neno kwa neno: "Fundi, ile soketi haikuwa mbovu. Waya niliuchomoa mimi, mara zote mbili, kwa pini ya nywele. Nilikuona juu ya ngazi koridoni, yule mama mfagiaji mwenye kigugumizi anakueleza jambo, na wewe ulishuka ngazi zote ukamsubiri amalize. Nikasema huyu. Nilikupenda kabla yako, basi, mimi ndiye niliyejipeleka." Shemeji alitutazama mmoja mmoja, sisi tuliomcheka miaka arobaini na moja, kisha akaingia ndani akafunga mlango, na tulimsikia akilia, na kwa kweli tulimsikia pia akicheka.

Familia inatoa shukrani kwa daktari mkuu na daktari kijana wa chumba namba 6, na kwa mlinzi wa geti ambaye hakuharakisha kizuizi. Tunawashukuru wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule aliyekohoa mara moja tu, majirani walioleta maturubai na sufuria, wakiwemo wenye paka, na wahadhiri wenzake pamoja na profesa mwenye sauti nzito, ambaye ametuma salamu na kusema nne hazikutosha. Kwa niaba ya shemeji tunaomba radhi hadharani kwa mzee wetu aliyeketi mstari wa tatu, fundi umeme mstaafu wa chuo, ambaye kwa zaidi ya miaka arobaini amesemwa vibaya mbele ya mafundi kwa kosa la pini ya nywele, waya wako, mzee, ulikuwa umekazwa vizuri.

Shemeji ana ombi moja kwa vijana watakaombeba marehemu, kwamba mkifika mlango ule wa nyuma msimame, yeye atashika kitasa, na sote tuhesabu kimyakimya hadi nne kabla hajaufungua, si kwamba anategemea jibu, alishalipata, ila ndivyo walivyozoea kuagana kila asubuhi. Pumzika kwa amani, dada, robo saa yako imepita kidogo.